Gari linapokata nguvu mlimani: tuangalie filtri kabla ya kulipa pompa



Juma lililopita mama prezidenti aliniomba niandike katika ukurasa huu mambo ya gari letu, kwa sababu kila mmoja alisikia kipande chake. Huyu alisikia pompa imekufa, huyu alisikia shofere anauza mazutu njiani, mwingine alisikia kwamba feza ya minervali imekwisha kuliwa na garaji. Nitaeleza mambo yalivyokwenda, na ndani yake nitaeleza namna ya kutambua ugonjwa uliokuwa katika gari. Ugonjwa huo unashika magari mengi ya zamani hapa kwetu, na wengi wenu mna mume, kaka ao shemeji mwenye gari kama hilo.

Mimi si fundi. Ninafundisha fizikia, diploma yangu ni ya ISP, na mkono wangu umezoea chaki kuliko kle. Lakini nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilikuwa ninaandika katika kaye yangu.

Gari mnalijua: ile Hilux ya mazutu, nyeupe ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Moteri yake ni ile ambayo Toyota waliiita 2L, silinda nne, lita 2.4. Haina kompyuta yoyote ya kusema ugonjwa uko wapi. Siku ya tano linatelemka katika bonde la Ruzizi, linapakia mchele, nyanya na ndagala, na siku ya posho linapanda kurudi Bukavu kwa njia ya Ngomo.

Anayejua Ngomo hahitaji kuelezwa. Kwa wasioijua: Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460. Kati ya maziwa hayo mawili kuna kupanda kwa karibu mita 700, na sehemu kubwa ya kupanda huko gari linaifanya katika kona za Ngomo, upande mmoja mawe, upande mwingine shimo. Gari kusimama pale na mzigo, na wamama juu ya mzigo, na saa zinakwenda kuelekea usiku, si jambo la kucheka.

Mwezi wa 7, katikati ya kiangazi na vumbi lake, ndipo ilipoanza. Gari lilipanda kona mbili vizuri. Kona ya tatu likaanza kukosa nguvu. Shofere anakanyaga mafuta, moteri haisikii. Akarudi vitesi ya kwanza, likaenda hatua chache kama mgonjwa, likazima. Wamama wakashuka, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Baada ya dakika kama ishirini shofere akajaribu tena: likawaka mara moja, kana kwamba hakuna kilichotokea! Likapanda kidogo, likazima tena. Mara tatu. Walifika mjini usiku, na masanduku sita ya nyanya yalikuwa yamekuwa supu.

Kesho yake gari likawaka asubuhi bila shida. Likaenda Kadutu, likaenda Nyawera, likarudi. Hakuna kosa. Na hapo, wamama, ndipo maneno yalipoanza. Kama gari ni zima mjini, basi shofere anadanganya. Kama linazima mlimani tu, basi mazutu imepunguzwa njiani, ao amechanganya na petroli ya taa. Ninakiri mbele yenu kwamba hata mimi niliwaza hivyo kwa siku mbili.

Safari ya pili ikawa sawasawa na ya kwanza. Gari likapelekwa garaji. Fundi wa pale alifungua kapo, akavumisha moteri uani mara mbili tatu, akafunga. Akasema pompa ya mazutu, ile inayosukuma mazutu kwa nguvu kwenda katika silinda, imekufa. Pompa ya okazyo, pamoja na kazi: dola 450. Hakufungua kle hata moja.

Sanduku letu lilikuwa na dola 530. Mnajua zilikuwa za nini: minervali ya watoto 31, mwezi wa 9.

Kikao kikaitwa siku ya Mungu, mchana. Shofere alikaa karibu na mlango kama mtoto aliyeitwa na direkteri. Kila mtu alikuwa anasema juu yake, hakuna aliyesema naye. Nikaomba neno, nikamwuliza maswali manne tu.

«Asubuhi linawaka vizuri?»

«Linawaka, Mama Mwalimu, mara ya kwanza tu.»

«Kwenye tambarare?»

«Linakimbia.»

«Linakufa lini?»

«Kwenye mlima, na mzigo. Bila mzigo linapanda, lakini kwa uvivu.»

«Na ukingoja?»

«Nikingoja robo saa linapona. Halafu linakufa tena.»

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ninachowaonyesha wanafunzi wangu. Chukua mrija, funga kitambaa kizito kwenye mdomo wake wa chini, tia katika kikombe cha maji. Ukifyonza polepole, maji yanakuja. Ukifyonza kwa nguvu kwa sababu una kiu, mashavu yanaingia ndani na maji hayaji. Kitambaa ni kile kile. Kilichobadilika ni kiu.

Moteri ya mazutu kama yetu, ikisimama inanguruma tu, inatumia kama lita moja ya mazutu kwa saa, pengine chini ya hapo. Ikipanda Ngomo na tani moja mgongoni, inaweza kutaka mara kumi ya hiyo. Mazutu inatoka katika tanki, inapita katika filtri, ndipo inaingia katika pompa. Filtri hiyo ni kopo lenye karatasi iliyokunjwa kunjwa ndani yake, na vitundu vya karatasi hiyo ni vidogo kuliko upana wa unywele. Kazi yake ni kuzuia uchafu, na kila uchafu unaozuia unabaki pale. Siku inapojaa, lita moja kwa saa bado inapita. Lita kumi hazipiti. Ndiyo sababu gari ni zima Kadutu na ni maiti Ngomo. Na ukingoja, msukumo wa kufyonza unalegea, uchafu mwingine unaanguka chini ya kopo, mazutu inajaa tena polepole, na gari linawaka kama limefufuka. Mpaka kona inayofuata.

Nilisema hayo katika kikao. Mama mtunza feza aliniuliza kama nina hakika. Nikasema hapana. Nikaomba siku mbili tu kabla feza haijatoka.

Karibu na masomo yetu anakaa papa mmoja aliyekuwa fundi wa malori miaka mingi, sasa amepumzika. Nilikwenda kumsalimia na kumweleza. Alikuja siku iliyofuata na kle mbili, chupa tupu ya maji ya plastiki, na kipande cha tiyo nyeupe inayoonyesha ndani. Hakutaka chochote isipokuwa wamama kumi na wawili wakae nyuma ya gari. Tulidhani anatania. «Gari linaugua likiwa na mzigo,» akasema, «sasa mnataka nilipime bila mzigo?» Basi tukapanda, tukashikana, na gari likapanda mlima ulio nyuma ya masomo, watoto wakitukimbilia na kupiga kelele.

Nusu ya mlima likaanza kulia. Papa alikuwa amekaa mbele, akiangalia vitu vitatu, na ninaomba mvishike.

Kwanza moshi. Moshi mweusi mwingi ungesema kwamba mazutu inafika lakini hewa haitoshi, yaani filtri ya hewa imeziba, ao enjekteri zinamwaga vibaya. Nyuma yetu hapakuwa na moshi mweusi. Nguvu hakuna na moshi hakuna: mazutu yenyewe haifiki.

Pili sauti. Kama moteri ingepiga kelele za juu na gari halisogei, hiyo ingekuwa ambreyaji inateleza. Yetu ilikuwa inashuka sauti pamoja na gari.

Tatu sindano ya moto. Ilikuwa mahali pake. Moteri iliyochemka inaweza pia kukata nguvu mlimani, na ukikosea hapo unaweza kuua kitu kingine kikubwa zaidi.

Akamwambia shofere asizime. Akashuka, akafungua kwanza kifuniko cha tanki na kutega sikio. Tanki inahitaji kupumua. Tundu lake la hewa likiziba, mazutu inakataa kutoka, na ukifungua kifuniko unasikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari linapona papo hapo. Hatukusikia kitu. Akafungua kapo. Juu ya filtri kuna kipompa kidogo cha mkono, cheusi, kama kifungo kikubwa. Moteri ilikuwa inatetemeka inataka kufa; yeye akaanza kubonyeza, kubonyeza, kubonyeza, na shofere akikanyaga polepole. Moteri ikapata nguvu. Akaacha kubonyeza, ikalegea tena. Akarudia ili mama prezidenti aone kwa macho yake.

«Ukisaidia kwa mkono na inapona,» akasema, «basi ina njaa. Mwenye njaa hatupeleki kupasuliwa.»

Lakini njaa inaweza kuanza katika filtri ao kabla ya filtri, katika tiyo na tanki. Kutofautisha ni rahisi. Alitoa tiyo inayoleta mazutu kwenye filtri, akaweka mahali pake ile tiyo nyeupe, akaingiza mwisho wake katika bidoni safi ya mazutu iliyofungwa vizuri pembeni ya moteri. Sasa tanki haihusiki tena. Tukapanda mlima ule ule, na mzigo ule ule wa wamama. Likakufa mahali pale pale. Katika tiyo nyeupe hapakuwa na povu la hewa, maana yake hapakuwa na mahali hewa inaingilia. Ilibaki filtri, na nyuma ya filtri, pompa.

Chini ya filtri kuna skrubu ya kutolea maji. Papa aliilegeza juu ya chupa ya plastiki na kubonyeza kipompa. Kilichotoka sikukiona kama mazutu. Kilikuwa cha rangi ya chai, na nyuzi nyeusi ndani yake kama kamasi. Tuliiweka chupa juu ya meza, tukaendelea kuzungumza, na baada ya robo saa ilikuwa imejigawa: juu mazutu, chini maji, vidole viwili vizima. Lita ya maji ina uzito wa gramu 1,000; lita ya mazutu ni gramu 840 hivi. Maji yanakwenda chini sikuzote, chini ya bidoni, chini ya tanki, chini ya filtri. Na zile nyuzi nyeusi ni vidudu vidogo vinavyoishi pale maji na mazutu vinapokutana. Hata mimi sikujua kwamba kuna kitu kinachoweza kuishi katika mazutu, na nimesoma.

Papa akafungua kopo lote, akalikata kwa msumeno wa chuma. Karatasi ambayo ilipaswa kuwa ya rangi ya siagi ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya bugali. Mama mtunza feza akaigusa, akanusa kidole, akauliza: «Na hii inauzwa bei gani?»

Dola 12. Kulikuwa pia na ya dola 4, lakini papa aliichungulia katika matundu yake na kuirudisha: karatasi haikushikana vizuri na kopo, na mazutu ingepita pembeni bila kuchujwa. Filtri ya namna hiyo ni mbaya kuliko filtri iliyoziba, kwa sababu iliyoziba inakusimamisha, na mbovu inakuacha uendelee huku mchanga unaingia katika pompa. Vyuma vya ndani ya pompa vinapishana kwa nafasi ya elfu chache za milimita, na hakuna mafuta mengine yanayovilainisha isipokuwa mazutu yenyewe.

Kuweka mpya kulichukua nusu saa. Alipaka mafuta kidogo kwenye mpira wa filtri, akaijaza mazutu safi, akakaza kwa mkono bila kle. Akabonyeza kipompa mpaka kikawa kigumu. Wakati wa kurudisha ule waya wa chini ya filtri, aliuliza kwa nini taa yake haiwaki mbele ya shofere. Maana gari hili lina taa ndogo inayowaka maji yakijaa katika filtri. Tukaangalia. Taa ilikuwa inawaka! Ilikuwa imebandikwa kipande cha plasta nyeusi.

Shofere akainamisha kichwa. Ni yeye aliyeibandika, tangu mwezi wa 4, kwa sababu ilikuwa inamsumbua machoni usiku na alifikiri ni waya tu umeharibika. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuwa na kosa. Lakini kosa lake halikuwa lile tulilomshtaki. Mama prezidenti alimwomba msamaha mbele yetu sote kwa neno la wizi, naye akaomba msamaha kwa neno la plasta.

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakwenda hivyo. Safari mbili zilikuwa nzuri. Ya tatu, gari likakata nguvu tena Ngomo. Siku ile nilipita sokoni na nikasikia nyuma yangu: «Mwalimu, filtri yako ya dola 12 iko wapi?» Wengine wakasema tulipoteza muda, turudi kwa yule wa garaji tumlipe pompa yake. Niliogopa kabisa, kwa sababu ni mimi niliyezuia feza isitoke.

Papa hakushangaa. Safari hii alibonyeza kipompa cha mkono, kikashuka na kubaki chini, hakikurudi juu. «Kinafyonza na hakipati,» akasema. Akarudia mtihani wa bidoni. Gari likapanda mlima kama mbuzi. Basi sasa filtri na pompa ni vizima, na ugonjwa uko nyuma, katika tanki. Ikashushwa. Ndani mlitoka kutu ya kujaza kopo la nyanya, matope, na kitambaa. Kitambaa, wamama! Siku moja kifuniko kilipotea, mtu akaziba kwa kitambaa, kitambaa kikazama, na kikawa kinavutwa kila mara kwenye mdomo wa tiyo. Tanki ikaoshwa, ikakaushwa juani siku mbili. Filtri tukabadilisha tena, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kula uchafu wa tanki.

Hesabu ni hii: filtri mbili dola 24, kazi ya tanki dola 20, tiyo na kolye dola 4. Jumla dola 48. Kaye ya mama mtunza feza iko wazi kwa kila anayetaka kuona. Papa hakukubali kulipwa. Tulimpelekea mchele na ndagala.

Nisije nikaeleweka vibaya: pompa zinakufa kweli. Kama umepima na bidoni safi, umeweka filtri nzuri, tiyo nyeupe haionyeshi povu, na bado gari halina nguvu, ao linakataa kuwaka likiwa moto, basi hapo fundi akisema pompa ao enjekteri, msikilizeni. Tena aliyeachilia filtri chafu na maji kwa muda mrefu ndiye anayefika kwenye pompa. Kinachonikasirisha ni kuanza na dola 450 kabla ya dola 12. Mwulizeni kila fundi: umepima namna gani? Simameni pale aonyeshe. Akikataa mwenye gari asiangalie, mtajua mnashughulika na nani.

Na gari likianza kuwa gumu kuwaka asubuhi, hasa likilala uso ukiangalia juu ya mlima, lakini likishawaka linakwenda vizuri, huo si ugonjwa wetu. Hiyo ni hewa inayoingia katika tiyo usiku, na mazutu inarudi katika tanki. Mara nyingi ni kolye iliyolegea.

Kwa wenye magari ya esanse, zile Corolla na Carina za zamani: dalili ni ndugu wa hizi. Linawaka, linakwenda mjini, na linaruka ruka ao kukata nguvu kwenye mlima. Filtri yake mara nyingi ni kikopo kidogo katikati ya tiyo. Lakini msifanye mchezo wa bidoni karibu na moteri ya moto. Esanse inashika moto kwa urahisi sana kuliko mazutu. Mwachieni fundi, moteri ikiwa baridi, bateri imefunguliwa.

Neno moja kwa mama mwenye watoto, maana limenisumbua tangu siku ile. Niliona kijana akifyonza mazutu kwa mdomo ili aitoe katika tanki. Mazutu ikipita njia mbaya inaingia katika mapafu na inaweza kuua. Na tusiiweke nyumbani katika chupa za soda. Mtoto akiinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa ao mafuta ya ngazi ili atapike. Akitapika ndipo inaingia katika mapafu. Mpelekeni hospitali mara moja.

Uchafu ule ulitoka wapi? Sehemu moja ni tanki yenye umri. Sehemu nyingine ni sisi wenyewe, kwa sababu tulikuwa tunanunua kwa Kadhafi, wale wauzaji wa bidoni za kando ya njia, mahali bei ilipokuwa ndogo. Siwalaumu, wanatafuta maisha kama sisi, lakini bidoni ile ile jana ilikuwa ya maji, juzi ya mafuta ya ngazi. Tena tulikuwa tunaweka mazutu ya safari tu, tanki inalala tupu, na usiku unyevu wa hewa unageuka matone kwenye kuta zake. Sasa tunajaza jioni baada ya kurudi. Tukilazimika kununua bidoni, tunaiacha itulie usiku kucha na hatumimini vidole viwili vya mwisho. Vitabu vingi vya magari vinasema kubadilisha filtri kila kilometa 20,000 hivi, lakini vinawaza mazutu ya nchi zao. Papa alisema kwa hapa kwetu 5,000, na tumeandika 5,000. Kila siku ya tano kabla ya kutelemka, shofere anafungua ile skrubu ya chini na kutoa kikombe kimoja katika chupa, na mama wa zamu anaangalia. Kinachotoka hakimwagwi katika mferezi. Kuna bidoni yake nyuma ya depo.

Plasta imeondolewa.

Siku ya posho iliyopita nilipanda nao. Nilitaka kuona mwenyewe kabla ya kuandika haya. Tulikuwa na mifuko 14 ya mchele na masanduku ya nyanya mpaka juu, mimi na mama mtunza feza mbele pamoja na shofere. Tulipokaribia kona ya tatu hakuna aliyesema neno. Shofere alirudi vitesi ya pili, akaishika hapo, moteri ikanguruma, jiwe kubwa la upande wa kushoto likapita, kona ikapita, na ya nne, na ya tano. Nilipogeuka kumwambia kitu mama mtunza feza, nikaona amelala. Tulifika Nyangezi saa kumi kasoro robo, jua bado liko.